Kona ya Gofu: Maswali Yenu Kuhusu Vijana na Vyuo vya Marekani

Kocha, habari za kazi. Mwanangu ana miaka 15, tuko Nairobi, handikepu yake ni 4 na karibu kila Jumamosi anarudi na zawadi kutoka klabuni, juzi kaleta pointi 41. Sasa kuna jamaa anasema ana koneksheni na vyuo vya Marekani, tukimpa dola 3,000 mtoto anapata skolashipu full. Baba yake ashakubali, mimi roho inasita. Tumpe? — Mama kijana, Nairobi

Mama kijana, msimpe. Anaetoa nafasi ni kocha wa chuo, na kocha wa chuo emaili yake iko wazi kwenye tovuti ya timu, pembeni yake kuna fomu ya mchezaji kujaza, na yote hayo ni bure. Mtoto ajaze mwenyewe aandike mwenyewe, na wewe usimwandikie, makocha barua ya mama wanaijua kwa harufu. Halafu msikate tamaa wakikaa kimya, maana kwenye daraja la kwanza la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, kocha haruhusiwi kuongea na mtoto mambo ya usajili mpaka tarehe 15 Juni baada ya mwaka wa pili wa high school yao.

Na hiyo "full" mnayoahidiwa... mpaka juzi juzi timu nzima ya wanaume daraja la kwanza ilikuwa na skolashipu 4.5, ndiyo, nne na nusu, kocha anazikatakata anawagawia vijana wanane tisa, kila mtu na kipande chake. Kuanzia msimu wa 2025 mambo yamebadilika, vyuo vilivyoingia mfumo mpya haviruhusiwi kuzidisha wachezaji 9 kwenye timu ila vinaweza kuwalipia wote, lakini kuruhusiwa kulipa si sawa na kuwa na hela. Daraja la tatu skolashipu ya michezo hakuna kabisa, Harvard na Yale na wenzao wa Ivy League vilevile, huko msaada unakuja kwa kuangalia kipato cha familia. Kwa hiyo kama hizo dola 3,000 mnazo kweli, tafuteni mwalimu wa hesabu, masomo nayo yanahesabiwa.

Sasa tuje kwenye pointi 41, hapa naomba tuelewane. Hiyo ni stablefodi, yaani unapewa pointi kwa kila shimo, na juu yake kuna handikepu, mikwaju anayopunguziwa. Kwenye stablefodi kijana akiharibu shimo anaokota mpira, anaandika sifuri anaenda zake, jioni anapewa friji ndogo na wote mnapiga makofi. Chuoni wanahesabu kila mkwaju. Mashindano mengi ni mashimo 54, na mara nyingi 36 yanachezwa siku moja, begi anabeba mgongoni au anasukuma toroli mwenyewe. Timu inapeleka watano, zinahesabiwa kadi nne nzuri za kila raundi. Akipiga 9 kwenye shimo la tatu hiyo 9 anatembea nayo mpaka mwisho. Kocha wa huko akikuuliza mtoto anapiga ngapi anataka grosi tu, mikwaju yote bila kupunguziwa, raundi ngapi, uwanja gani, umbali gani.

Kingine ambacho wazazi hamkioni kabisa ni kedi, yule anayembebea mchezaji begi na kumshauri. Chuoni kedi hakuna. Mtoto wa klabu zetu tangu ana miaka kumi kuna mtu mzima pembeni anamwambia chukua fimbo namba saba, lenga ule mti, hii puti inakata kushoto upana wa mpira mmoja, na kijana kazi yake ni kupiga tu. Siwasemi vibaya makedi, wengi wao gofu wanaijua kuliko wanachama wanaowabebea, ndo maana tatizo halionekani! Mtoto ana handikepu 4 lakini nusu ya hiyo 4 ni ya kedi. Fanyeni hivi, kuanzia sasa mpaka muhula ujao abebe begi lake mwenyewe, au kama klabu inalazimisha kedi basi kedi abebe na asiongee. Na wewe na baba yake mkae klabuni mnywe chai, msimfuate. Mikwaju itaongezeka, itaongezeka vibaya, msiogope.

Mwisho, Nairobi iko juu, karibu mita 1,700, hewa nyepesi mpira unaruka mbali kuliko kawaida. Likizo mpelekeni Pwani acheze Nyali au Vipingo, aone namba saba yake inafika wapi kweli. Na mashindano ya chipukizi ya Junior Golf Foundation asiyakose, yale ya siku mbili tatu za kuhesabu mikwaju, hizo kadi ndo za kumtumia kocha.

Shikamoo kocha. Mimi ni msichana wa kidato cha pili huku mikoani, kiwanja chetu ni mashimo tisa na grini zetu, pale penye shimo, ni zile za mchanga. Naweza kweli kufika chuo kwa gofu?

Marahaba binti. Unaweza, na kwa upande fulani una nafasi kuliko kaka zako, sheria za daraja la pili kwa mfano zinaruhusu skolashipu 5.4 kwa timu ya wasichana, wavulana 3.6.

Shida yako ni puti, ule mkwaju wa kuingiza mpira shimoni, na unaijua. Kwenye mchanga mnaburuta njia mpaka inakuwa laini kisha unapiga moja kwa moja, mteremko hausumbui, mpira haukimbii. Grini ya nyasi iliyokatwa chini inataka mkono mwingine kabisa, unagusa tu mpira unaenda mita nne. Ongea na mwalimu au kepteni wa klabu wawaombee klabu yenye nyasi wawapokee wikiendi moja moja, na ukifika huko usikimbilie kucheza mashimo 18, shinda kwenye grini ya mazoezi na mipira mitatu. Swingi yako irekodi kwa simu, moja kutoka mbele moja kutoka nyuma ya mstari wa mpira, bila muziki tafadhali. Na Kiingereza na hesabu usiachie, NCAA wanaangalia masomo 16 ya msingi ya sekondari na ukipungukiwa hata upige chini ya pa, ile idadi ya mikwaju iliyopangiwa uwanja, huchezi.

Kocha nina miaka 19, nilianza kama kedi, sasa napiga pa au moja juu. Niende pro moja kwa moja? Chuo naona ni kupoteza miaka.

Kaka, Ludvig Åberg wa Sweden alikaa Texas Tech miaka minne, akamaliza wa kwanza kwenye PGA Tour University, orodha ya wachezaji bora wa vyuo, mwaka 2023, akapewa kadi ya kucheza PGA Tour, mashindano makuu ya mapro Marekani, hapo hapo, na Septemba hiyo hiyo akawa anachezea Ulaya dhidi ya Marekani kwenye Ryder Cup kule Roma. Sasa niambie alipoteza nini.

Kama ni njaa ya hela naelewa, ila tangu 2022 hata mchezaji wa ridhaa anaruhusiwa kuchukua zawadi ya pesa mpaka dola 1,000 kwenye shindano la grosi, kwa hiyo usijiite pro kwa sababu ya bahasha ndogo, maana kurudi ridhaa ni kuomba upya na kusubiri. Hiyo ni sheria ya gofu lakini, NCAA wana hesabu zao, kila senti unayopokea andika. Halafu ujue miaka inakwenda, kukaa nje ya shule huku unacheza mashindano kunaweza kukukata misimu ya chuo. Kwa umri wako ningeanza na vyuo vya miaka miwili na vile vya NAIA, chama kingine cha michezo ya vyuo, navyo vina skolashipu za gofu. Mashindano ya mapro kama Sunshine Development Tour yapo hapa hapa Afrika Mashariki na ukimaliza chuo utayakuta.

Kidato cha nne ulipata ngapi? Hujaandika. Niandikie tena, uweke na kadi zako tano za mwisho, zote, hata ile mbaya.