Zimwi la kwenye filamu lina sauti yangu

*Shangazi, mume wangu alifariki kwa ajali wiki ile ile niliyojifungua. Mtoto anakaribia miaka sita. Juzi usiku nilitazama The Babadook, nikamwona yule mama akimfokea mwanawe, nikajiona mimi. Tangu hapo usingizi hauji. Mama mkwe anasema nimekaribisha shetani nyumbani. – Mjane, Tanga*

Pole sana, mwanangu. Shetani tumweke kando kwanza, tumzungumze Amelia, yule mama wa kwenye filamu.

Filamu hiyo ya Australia ilitoka mwaka 2014, na mwongozaji wake, Jennifer Kent, aliufunga mtego mapema: mume wa Amelia anakufa akimpeleka mkewe hospitali kujifungua. Basi besdei ya Samuel, mwanawe, ndiyo siku ya msiba. Mtoto hafanyiwi sherehe siku yake. Anaunganishwa na binamu yake. Vitu vya baba vimefungiwa chumba cha chini, na mama hataki atajwe. Zimwi, huyo Babadook, linanenepa kwa ukimya huo.

Hukuniambia kama ulifika mwisho au ulizima. Zimwi haliuawi, mwanangu. Linabaki kule chini, Amelia analishukia na bakuli la minyoo, kisha anarudi juu kwa mwanawe, ambaye safari hii anasherehekea siku yake yenyewe. Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Sikutegemea kuiona methali hiyo ikiigizwa na Waaustralia.

Barua yako nimeifupisha, ilikuwa kurasa tatu. Katika zote tatu jina la marehemu halimo. Mwanao analijua?

Kumfokea mtoto ukiwa hoi hakukufanyi zimwi. Ila kama kuna siku uliuogopa mkono wako mwenyewe, usingoje jibu langu lingine. Nenda hospitali, mwambie daktari hivyo hivyo ulivyoniambia, na mtoto alale kwa bibi yake.

Na huyo bibi je? Filamu ina mama mfiwa mmoja, kwako mko wawili. Yeye alimzika mwanawe. Pengine “shetani” ndilo neno pekee alilobakiwa nalo la kulilia. Mwombe mpike naye pilau siku hiyo ya besdei: asubuhi mumsomee marehemu dua, jioni mkate keki. Mtoto amuulize bibi, baba alikuwa mtundu kiasi gani alipokuwa na miaka sita. Utashangaa atakavyoongea.

Filamu nyingine ya kutisha, Hereditary, usiiguse mwaka huu. Mimi niliitazama mchana, madirisha wazi, na bado nililala taa ikiwaka.