Kuhusu mzee mstaafu anayekataa mkongojo

Ndugu uliyeuliza kwa nini baba yako, askari mstaafu aliyeko Masasi, hukasirika akipewa mkongojo ilhali jirani yake mwenye miguu mibovu zaidi hutembelea wa kwake bila kinyongo, nakujibu kwa yaliyonipata mwenyewe hapa Mtwara.

Nilivuka mpaka wa Mutukula kuingia Uganda katika Vita vya Kagera, mwaka 1979, nikiwa na miaka 21. Jeshini tulizoezwa kutotaja maumivu, na funzo hilo lilitufaa mpaka Kampala ilipotekwa Aprili 11, kwa kuwa aliyelegea aliwachelewesha wenzake. Kosa langu ni kwamba nililibeba hadi uzeeni. Magoti yalipoanza kuniuma wakati wa kuokota korosho, nilinyamaza misimu miwili, nikaacha shamba, kisha nikaacha hata baraza, huku nikimdanganya mama watoto kwamba nina usingizi. Goti liliuma, lakini lililonikosesha raha hasa ni kujiona nimekuwa mzigo.

Siku ya Mashujaa, Julai 25, tulikwenda Naliendele kwenye makaburi ya askari wetu waliofia Msumbiji. Mwenzangu mmoja, ambaye hali yake ni mbaya kuliko yangu, aliomba kiti kwa sauti mbele ya watu wote, akaketi, akaendelea kuwasimulia vijana. Nilimuuliza kama haoni haya. Alinijibu kwamba waliolala pale wangefurahi kupata goti la kuwauma. (Ni mtu wa maneno makali tangu ujana.)

Nilirudi nyumbani nikagawa kazi upya: kupulizia mikorosho salfa, dawa ya ukungu, nikamwachia mwanangu, kuchambua korosho za daraja la kwanza na la pili nikabaki nako, kwa sababu jicho langu bado linaaminika. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinielekeza kuketi na kuinuka kitini mara kumi kila asubuhi. Misuli hupungua kadiri umri unavyosonga, lakini hujibu mazoezi hata baada ya miaka 70. Goti halijapona. Barazani, hata hivyo, nimerudi.

Kwa hiyo usimhurumie mzee wako mbele ya wajukuu. Mpe jambo ambalo bila neno lake haliendi. Akiwa halali usiku au anashtuka kwa ndoto za vita, hilo ni suala jingine, mpeleke hospitali. Mkongojo nao usimkabidhi tena mkononi. Uegemeze mlangoni karibu na jembe, atauchukua mwenyewe siku akiwa na safari.