Mfaransa aliyemwoa binti wa adui

SWALI: Nasikia Enguerrand VII, bwana wa Coucy, alikuwa mkwe wa mfalme wa Uingereza katikati ya Vita vya Miaka Mia kati ya Uingereza na Ufaransa. Iliwezekanaje?

JIBU: Alianza kama mateka, ndugu yangu! Mwaka 1360 alipelekwa Uingereza kuwa dhamana ya fidia ya Mfalme Jean II wa Ufaransa. Huko Isabella, binti mkubwa wa Mfalme Edward III wa Uingereza, akampenda, wakaoana 1365. Harusi ikamfungulia kifungo bila fidia, na mwaka uliofuata akapewa cheo cha Earl wa Bedford. Mateka gani huyo!

Edward alipofariki 1377, Enguerrand alirudisha nishani ya Garter, heshima ya mashujaa wa mfalme wa Uingereza, akabaki na Ufaransa. Hapo nyumba ikapasuka kati ya binti zao wawili: Marie alikuwa upande wa baba, Philippa akabaki Uingereza na mama. Philippa ndiye ninayemhurumia. Mumewe, Robert de Vere, alimwacha kwa ajili ya mwanamke wa nyumba ya malkia, na mama mzazi wa Robert akasimama na mkwewe dhidi ya mwanawe!

Enguerrand alioa tena, lakini hakuacha mrithi wa kiume wa ndoa. Alitekwa na Waturuki katika vita vya Nicopolis 1396, akafia Bursa, mji wao, mwaka uliofuata, bado mateka. Marie aliiuza Coucy kwa Louis d'Orléans, ndugu wa mfalme wa Ufaransa, mwaka 1400.