Pula inashika kitovu, haishiki ukingo: kwa mwenye RAV4 ya 3S

Mkuu, weka hiyo pula (kifaa cha kuvutia puli itoke) chini kwanza.

Umeandika kwamba RAV4 yako yenye injini ya 3S-FE inavuja oili mbele, unataka kubadilisha sili ya kranki (mpira unaozuia oili isivuje pale shafti ya injini inapotokea) na mkanda wa taimingi mwenyewe nyumbani. Bolti ya puli, lile gurudumu la mbele ya kranki linalozungusha mikanda, imeshatoka, puli imegoma, na fundi wa mtaani kakushauri uazime pula ya miguu mitatu, ukamate ukingo wa nje wa puli na kukaza "mpaka iachie". Umeuliza pia ununue sili gani na kama ubadilishe pampu ya maji hapohapo. Ngoja tumalizane na huo ukingo kwanza, maana ndio utakaokula hela yako. Yangu ilishaliwa.

Puli hiyo si chuma kimoja. Ipanguse kwa kitambaa chenye petroli kidogo, umulike tochi. Katikati kuna kitovu, ndicho kilichovaa shafti ya kranki. Nje kuna ringi nzito yenye mifereji ya mikanda. Kati yake kuna utepe wa mpira mweusi unaozunguka duara zima, na watu wengi hudhani ni uchafu wa oili. Mpira huo unameza mtikisiko wa kranki, na ndio pekee unaoishikilia ringi ya nje. Hakuna bolti wala weldingi.

Sasa fikiria pula imekamata ringi kwa miguu yake mitatu na skrubu ya kati inasukuma shafti. Kitovu kimeng'ang'ania kwa kutu. Nguvu yote ya skrubu inapita kwenye mpira ambao, kwa RAV4 za umbo hilo la 1994 hadi 2000, una zaidi ya miaka 20 ya joto na oili. Unadhani kitaachia nini kwanza?

Kibaya zaidi, mpira haulazimiki kukatika siku hiyo. Puli inaweza kutoka na mpira umechanika kwa ndani tu. Unairudisha, gari linawaka, unafurahi. Baadaye ringi inaanza kuyumba, mikanda inalia na kulika upande mmoja, kisha ringi inasogea nyuma na kusaga kava ya taimingi. Ikiachia kabisa, mkanda wa altaneta unaruka na chaji inakatika ukiwa barabarani. Halafu alama ya taimingi imechongwa kwenye hiyo ringi ya nje. Ringi ikiteleza hata kidogo, alama inadanganya: fundi anaseti moto (wakati wa plagi kuwasha) kwa taa ya taimingi, anaona iko sawa kwenye digrii 10, kumbe siyo, na gari linakuwa zito au linagonga bila mtu kuelewa sababu.

Ndiyo maana ushauri huu unaniudhi sana. Anayeutoa anaonekana mjuzi kwa sababu puli kweli ilitoka, na mpira unapoachia hayupo, ameshalipwa. Kama mtu anakufundisha kutoa kitu na hakuulizi kama unakirudisha, usimsikilize.

Tazama uso wa kitovu. Kuna matundu mawili yenye tredi, yametazamana kushoto na kulia ya tundu la bolti kubwa. Yamewekwa kwa kazi hii. Ni ya M8 (bolti ya kipenyo cha milimita 8), pichi 1.25, yaani milimita 1.25 kati ya tredi na tredi. Unachohitaji ni pula ya bolti, ile bapa yenye mipasuo ambayo wengi huinunua kwa kutolea usukani. Dukani chukua bolti mbili za M8 zenye urefu wa milimita 70 hadi 80, zilizoandikwa 8.8 au 10.9 kichwani, namba za uimara wa chuma. Zisizo na namba waachie wanaofunga vitanda. Safisha matundu kwa brashi ya waya, na kama yana kutu pitisha tepu ya M8 kwanza.

Rudisha bolti kubwa ya kranki kwa mkono mpaka ikaribie mwisho, uache nafasi ya milimita 5 au 6 kati ya kichwa chake na puli. Skrubu ya pula itasukuma kichwa hicho, haitagusa tredi za shafti. Ukiziharibu tredi hizo, sili itakuwa shida yako ndogo kabisa.

Ingiza bolti za M8 zote mbili kwa kina sawa, tredi zisizopungua milimita 10, lakini zisitokeze nyuma zikatoboa kava. Bapa la pula likae sambamba na uso wa puli. Pima kwa rula pande zote mbili. Likiwa mshazari, bolti moja inabeba mzigo wote na inakatika. Paka grisi skrubu ya kati, kaza robo mzunguko, subiri, ongeza robo. Ikigoma, nyunyizia mafuta ya kulainisha kutu pale kitovu kinapokutana na shafti, acha nusu saa huku pula ikiwa imekaza, kisha gonga kichwa cha skrubu kidogo kwa nyundo. Kidogo, kwa sababu kipigo kinaishia kwenye vibao vinavyozuia kranki isisogee mbele na nyuma. Usitumie spana ya upepo, wala gesi: moto utachoma mpira uleule tunaoulinda. Vaa miwani na ukae pembeni. Itaachia kwa mlio mmoja mkavu, baada ya hapo toa bolti kubwa, puli inakuja kwa mkono.

Kabla ya yote hayo chora mstari mmoja kwa rangi ya kucha nyeupe kutoka kwenye kitovu, upite juu ya mpira, uishie kwenye ringi. Puli ikitoka, utazame. Mstari ukivunjika pale kwenye mpira, puli hiyo imekwisha, hata kama inaonekana nzima.

Wakati wa kurudisha, linganisha mfereji wa kifunguo (kipande kidogo cha chuma kinachozuia puli isiteleze kwenye shafti), isukume puli kwa mkono, usiigonge ukingoni. Bolti kubwa kaza 108 Nm.

Kama umeshaanza kukamata ukingo, legeza sasa hivi. Piga picha ya uso wa puli karibu kabisa, mpira na matundu yaonekane, uiweke hapa kabla hujagusa spana tena.