Usinunue chipu bado, hiyo simulesheni inakuficha makosa

Mkuu, simama hapo hapo. Unasema saketi yako isiyo na saa (mapigo ya kupanga hatua zake) "inatoka safi kabisa" kwenye VHDL, lugha ya kuelezea saketi na kuijaribu kwenye kompyuta, kila geti umeliandikia "after 10 ns", na unauliza kama uendelee hivyo hivyo na chipu za 74HC, zile zenye mageti ndani, zinapatikana wapi Arusha. Usinunue chochote.

Hiyo "after" ikiwa peke yake ni ucheleweshaji wenye inesha: pulsi (badiliko la muda mfupi la ishara) fupi kuliko muda ulioandika inamezwa na geti, wala huioni. Kwenye saketi yenye saa, glichi, yaani pulsi fupi isiyotakiwa, huwa imetulia kabla saa haijagonga. Yako haina saa. Kila mruko ni amri.

Niliunda kaunta ya magunia kwa ghala moja la kahawa hapa Moshi. Ndani kulikuwa na kichaguzi cha kawaida: A na B, au si-A (kinyume cha A) na C, yaani A ikiwa 1 inatoka B, ikiwa 0 inatoka C. B na C zikiwa 1, A ikishuka, AND ya kwanza inazima kabla ya pili kuwaka, maana si-A inachelewa kwenye inveta, geti linalogeuza 1 kuwa 0 na 0 kuwa 1. Niliandika ucheleweshaji wa nanosekunde: inveta 8, AND 9, OR 10. Shimo la nanosekunde 8, muda ambao AND zote mbili zimezima, lilipofika kwenye OR ya 10 likamezwa, wimbi likanyooka kama rula. Kwenye bodi, inveta ile ile ilikuwa inasukuma waya mrefu, ikachelewa zaidi, shimo likapanuka, OR ikalipitisha, lachi, kumbukumbu ya biti moja, ikalidaka. Gunia moja likahesabiwa mawili! Wiki tatu nabadilisha sensa, nabadilisha pawa, nalaumu umeme. Wenye ghala wakarudi kwenye daftari lao, na malipo ya mwisho sikuyaona.

Aliyetufundisha alisema glichi ndogo geti zitazimeza zenyewe, tusihangaike. Mpaka leo inaniuma. Inesha ya geti halisi inabadilika kwa joto, volteji na mzigo. Unamwambiaje mwanafunzi aitegemee?

Ukiwa unasaka glichi, andika "transport" mara tu baada ya "<=" kwenye kila mstari wenye "after". Hapo kila pulsi inapita, hata ya nanosekunde 1. Nilipofanya hivyo shimo likajitokeza usiku ule ule. Nikaongeza AND ya tatu, B na C, ikaishikilia OR wakati A inapobadilika. Geti moja tu, mkuu, baada ya wiki tatu.

Weka "transport" leo, endesha upya, ubandike wimbi hapa. Nitalipitia usiku huu huu kabla hujachomelea hata mguu mmoja.