Wasifu Wako wa Mtandaoni Ufanane Nawe

Kwa muda mrefu wasifu wangu kwenye LinkedIn, mtandao wa kijamii wa masuala ya kazi, ulikuwa na sentensi moja niliyoipenda kuliko zote, iliyosema kwamba niliongoza mradi wa kuhamisha kumbukumbu za wateja kutoka mfumo wa zamani kwenda mfumo mpya. Ukweli ni kwamba mradi ule uliongozwa na mwenzangu. Mimi nilikuwa nikikagua majedwali, nikitafuta majina yaliyojirudia na tarehe zilizokosewa kabla taarifa hazijahamishwa. Siku ya usaili niliulizwa swali jepesi tu: niligawaje bajeti ya mradi kati ya vifaa na mafunzo ya watumishi? Sikuwa na jibu, kwa kuwa bajeti ile sikuwahi kuiona. Kilichoniuma zaidi ni kutambua kwamba nafasi ile ilihitaji mkaguzi makini wa taarifa, yaani kazi ileile niliyokuwa nimeificha.

Kwa uzoefu wangu, chumvi huanza kwenye vitenzi. Aliyeshiriki huandika kwamba aliongoza, na aliyerekebisha huandika kwamba alibuni. Hata walio juu hawasalimiki: mwaka 2012 Scott Thompson aliondoka kwenye ukurugenzi mkuu wa kampuni ya mtandao ya Yahoo baada ya takriban miezi minne tu, ilipobainika kuwa wasifu wake ulitaja shahada ya sayansi ya kompyuta ilhali alisomea uhasibu. Shahada ya uhasibu haikuwa na aibu yoyote, na ndiyo maana kisa hicho hunisikitisha kila ninapokikumbuka.

Kuwa mkweli, hata hivyo, si kuanika kila kitu. Niliwahi kukaa karibu mwaka mzima bila ajira nikimuuguza mzazi, nami nikazivuta tarehe za kazi mbili ili pengo lisionekane. Leo nimeliandika pengo hilo kwa mstari mmoja, bila kutaja ugonjwa wala kuomba huruma. LinkedIn yenyewe iliweka sehemu maalumu ya mapumziko ya kikazi mwaka 2022, na mwajiri anayetaka kujua zaidi huuliza. Kuhusu picha sina mengi: iwe ya karibuni, ili mtakapokutana asipate shida kukutambua.

Nilipomaliza kuuandika upya wasifu wangu, nilimwomba yule mwenzangu aliyeongoza mradi ausome kabla sijauweka hadharani, nami nakushauri umtafute mtu wa namna hiyo, aliyekuona ukifanya kazi na asiyeogopa kukusahihisha. Nilitarajia apunguze maneno. Badala yake aligusa neno moja tu: mahali nilipoandika kwamba nilisaidia kuhamisha kumbukumbu, alilifuta neno “nilisaidia” akasema limenipunja, kisha akaandika kwamba nilikagua kumbukumbu zote kabla hazijahamishwa.