Rozini ya Fidla Ikivunjika, Usikimbilie Kuitupa

Rozini, kile kipande kinachopakwa kwenye singa (nywele) za upinde ili ushike nyuzi za fidla, haihitaji kuanguka kutoka mbali ndipo ivunjike. Ikikuponyoka mkononi ukiwa umekaa tu, unainama kuokota vipande. Ndivyo ilivyo: ni utomvu wa msonobari uliochemshwa mpaka tapentaini ikatoka, na kilichobaki kikaganda, kigumu na chepesi kupasuka. Lakini kuvunjika hakuiharibu. Kama kipo kipande kinachoshikika vizuri bila vidole vyako kugusa singa za upinde (mafuta ya mkono ni adui wa singa), kifunge kwenye kitambaa, acha upande mmoja wazi, uendelee kupiga. Mimi hutumia nusu kipande bila wasiwasi wowote, na fidla haijawahi kujua tofauti.

Kuyeyusha ni kwa ajili ya rozini iliyosagika kabisa, na hapo ndipo watu huleta balaa. Kiberiti na moto wa wazi viweke mbali. Rozini hushika moto, na moshi wake hukaba kifua, hasa kwa mwenye pumu. Wala huhitaji joto kali, maana huanza kulainika kwenye nyuzijoto 70 hadi 80 hivi. Naweka vipande kwenye moldi ndogo ya silikoni, moldi ndani ya kikopo cha bati, na kikopo ndani ya sufuria yenye maji yanayochemka taratibu, madirisha yakiwa wazi. Maji hayavuki nyuzi 100, kwa hiyo rozini haiungui. Itachukua muda wake mpaka iwe nzito kama asali na vipande vishikane. Usiikoroge, utaijaza mapovu. Tone la maji lisiingie. Kikopo hicho nacho kisirudi tena kwenye chakula.

Baada ya hapo, subira. Iache ipoe yenyewe hapo hapo mezani. Ukiiharakisha kwa friji, nje hunywea kabla ya ndani, nayo hupasuka tena, na kazi yote imekwenda bure. Usichanganye pia mabaki ya rozini mbili tofauti. Ile nyeusi kwa kawaida ni laini na hunata zaidi, ya rangi ya dhahabu ni ngumu zaidi. Ukizichanganya unapata kitu cha tatu ambacho tabia yake utaijua upinde ukishapakwa, na kuuosha upinde si kazi ndogo.

Rozini iliyoyeyushwa huwa na uso laini unaong'aa, na upinde huteleza juu yake bila kuchukua unga. Ikwaruze kidogo kwa msasa laini mpaka uso ufifie. Wapo wanaochora mistari kwa kisu; siwashauri, kwa sababu kila mchoro ni mahali pa ufa kuanzia. Msasa huo huo hufufua rozini ya siku nyingi iliyokauka juu.

Utunzaji wenyewe ni mdogo. Zungusha kipande kila unapopaka, upinde usichimbe mfereji katikati, kwani kingo zikibaki nyembamba ndizo humeguka. Usiiache kwenye gari juani. Na ipake kwa kiasi: vumbi jeupe likiruka unapopiga na sauti ikikwaruza, umezidisha. Wanaoanza hupenda kupaka kila wakishika fidla, hata kama upinde bado unashika nyuzi vizuri. Hakuna haja.

Ukimaliza kupiga, futa nyuzi na ubao wa mbele kwa kitambaa kikavu na laini. Unga wa rozini ukikaa huganda juu ya vanishi. Spiriti huiyeyusha rozini, ni kweli, lakini vanishi nayo inaweza kuondoka pamoja nayo, kwa hiyo isikaribie mwili wa fidla. Tabaka likishaganda na kitambaa kikavu kikashindwa, hiyo ni kazi ya fundi wa fidla.